Mhina wa Thorncliffe

Niliondoka Tanga mwezi wa sita kwenda Toronto, kwenye harusi ya Zahra, binti wa dada yangu Sakina. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia majirani. Sababu yenyewe ni mama, aliyenishika mkono akasema, "Kanirudishie Sakina nimwone kabla macho hayajaniishia." Dada ana miaka ishirini na mbili kule, na kila mwaka hutuambia mwakani.

Uwanja wa ndege alinipokea mwenyewe. Tulipokuwa tukipita maghala ya Malton nikamwuliza kama tutarudi wote.

"Mdogo wangu, usinianze! Hapa sikosi kitu. Hata mti wa mhina ninao."

Thorncliffe Park, mtaani kwa Dada, asubuhi ya pili, tulishuka kwa lifti mpaka maegesho ya magari. Pembeni palikuwa na ua wa vichaka uliojaa maua madogo meupe. Dada akafumba macho, akavuta pumzi. "Yakichanua nakuja hapa, najiona niko uani kwa mama."

Nikachuma kitawi. Majani yalifanana kweli, madogo, mawili mawili yakielekeana. Lakini haya yalikuwa mazito na yaking'aa. Ya mhina wetu ni membamba, yamefifia. Ua la huku lina kimrija na petali nne zilizonyooka. La mhina petali zake zimejikunjakunja, na nyuzi zimechomoza nje. Hata harufu: ya kwetu hutulia, hii ilinipanda puani. Mimi ni msemaji, ndugu zangu mnanijua, lakini siku ile nilinyamaza. Nilimwonea huruma.

Mchana, siku moja kabla ya harusi, Dada alikataa katakata hina ya dukani. Alichuma kapu zima, akaponda, akatia ndimu na chai ya rangi kama tulivyofundishwa. Tukampaka Zahra, tukamfunga mikono, tukapiga vigelegele. Tulipomfungua baada ya saa tatu nzima, viganja vilikuwa vile vile, havina hata doa.

Zahra akasema kwa Kiingereza kwamba si neno, ya pakiti ipo. Dada alikuwa akinitazama mimi.

"Ulijua?"

"Nilijua, Dada. Nilishindwa kukwambia."

"Basi miaka yote hii nilikuwa nanusa nini?"

Akalia, nami nikalia kwa aibu. Nilijiona mwema kwa kunyamaza, kumbe nilikuwa mwoga. Hilo nimejifunza: umpendaye mwambie mapema, hata kama ni habari ya mti tu.

Zahra aliolewa akiwa amepakwa hina ya pakiti, na ilimpendeza. Wiki iliyofuata Dada alikata tiketi bila kuniambia wala kuniuliza, kiti kilicho jirani na changu.

Tanga tulifika adhuhuri. Mama alimpapasa Dada uso, kisha akaisogeza mikono ya Dada karibu na macho yake.

"Mama harusi gani huyu hana hina?"

"Nimeifuata kwako, mama."

Mama akainuka, akashika ukuta, akatangulia uani kuchuma mwenyewe.