Kijiti cha Kasuku wa Mama Waithira

"Mama Waithira, mbona unatupa kijiti kizuri na kuweka kibaya?"

Nilimuuliza hivyo mwaka wa sitini na tisa, nikiwa darasa la tatu, nikichungulia juu ya ua wake. Alikuwa ametoa kizimbani kijiti cha mtarakwa, chekundu, kimepigwa msasa kikang'aa. Sasa alikuwa anafunga tawi la mpera lililopinda, limetobolewa na wadudu.

"We Kageha, toka hapo, unamzibia ndege jua," akasema. Jibu likaishia hapo.

Mama Waithira alikuwa yaya kwa mzungu mmoja karibu na kituo cha Plateau. Mzungu alipouza shamba, akaondoka na watoto ambao Mama Waithira aliwalea tangu wakitambaa. Yeye akaachiwa kasuku wa kijivu, Meja, aliyejua kusema kitu kimoja tu: "Yaya! Maji moto!" Hakuwa na mtoto wala mume; "Mama" tulimwita kwa heshima tu. Aliyemwita nyumbani ni Meja peke yake.

Baadaye yeye na wenzake kutoka Murang'a wakachanga, wakanunua shamba upande wa mji mdogo uitwao Ziwa, wakagawana. Siku hizo kila mtu alikuwa anasimamisha nguzo, na nguzo ilikuwa ya mtarakwa, kwa sababu hauozi na mchwa hawaugusi. Mama Waithira alipomaliza ua wake, akampelekea Walubengo, fundi wa mbao, vipande vilivyobaki.

"Nitengenezee kijiti cha Meja, na vibao vya kuguguna. Naye ni mwenye shamba sasa."

"Ndege na shamba wapi na wapi, mama?"

"Wewe piga randa."

Haikupita wiki, Meja akanyamaza. Alikaa amejivimbisha, mdomo wazi, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, macho yakitoka maji. Jirani, Mzee Gerishon, akachungulia akasema, "Mchinje kabla hajakonda." Mama Waithira hakucheka. Aligeuka akafuta macho kwa leso.

Kesho yake akaanza kutafuta mti mwingine, mimi nyuma yake. Alikuwa akikwangua ganda, ananusa, anatupa. Mkaratusi akautupa. Nikauokota nikanusa pia; mbona mimi niliona unanukia vizuri? Tawi lenye utomvu mweupe, akatupa. Nguzo za Mzee Gerishon zilizopakwa oili chafu hakuzikaribia hata.

Tukafika sokoni kwa Mama Safia, mwenye duka, ambaye alikuwa na mpera nyuma ya nyumba.

"Mama Safia, huu mmeupulizia dawa?"

"Dawa ya nini? Watoto wangu wanakula mapera mabichi, kidogo tu wale na magome!"

"Na wadudu?"

"Wamejaa. Chukua na wao, sitaki kitu."

Nyumbani akalimwagia tawi maji yanayochemka, akalisugua bila sabuni, akalianika mpaka likakauka. Ndipo alipolifunga kizimbani, na mimi nikauliza swali langu.

Nilikuwa nikipita pale kila asubuhi nikienda kuchukua maziwa, na kila asubuhi kizimba kilikuwa kimya. Halafu siku moja nikasikia, "Yaya! Maji moto!" Mama Waithira akatoka mbio kwenye mahindi, jembe mkononi, kama kweli ameitwa.

Sasa niko kidato cha pili, na Meja bado anaguguna mpera. Likizo iliyopita nilimletea tawi jipya, nikarudia swali lile. Mama Waithira akafungua sanduku lake la nguo, akatoa kipande cha mtarakwa.

"Nusa. Mzungu wangu alikuwa anaweka hiki kwa nguo kufukuza nondo, wale wadudu wanaozitoboa, na mimi nikamwiga. Siku zile Meja amenyamaza, nilifungua sanduku nitoe leso, harufu ikanipiga puani, nikakaa chini pale pale. Ukijenga ua, Kageha, unataka mti ambao mdudu akisikia harufu yake anakimbia. Mimi nilichukua huo huo, nikamfungia Meja pamoja nao, naye hana pa kukimbilia."