Kiingereza cha Uani Mabawa

Nilipoolewa na kuletwa Mabawa, mume wangu alikuwa karani mdogo bandarini Tanga. Kazi yake ilikuwa kuandika mizigo inayopakiwa melini, na miaka ile ya hamsini mizigo ya Tanga ilikuwa mkonge, mkonge, na mkonge tena. Alishachoka kuliandika neno hilo. Siku moja mkubwa wake, Mwingereza, akamwambia kwamba mwakani nafasi ya karani mkuu itakuwa wazi, na atakayeitaka atafanya mtihani wa Kiingereza, wa kuandika na wa kuzungumza.

"Kiingereza chako ni safi," alimwambia, "lakini ni cha mtoto wa shule. Ongeza maneno."

Jioni ile bwana alirudi na kamusi nene kwapani, imetoka jalada, kaipata kwa Mhindi muuza vitabu karibu na soko la Ngamiani. Akaiweka juu ya jamvi, akakaa kuitazama kama mtu aliyeletewa sinia la pilau peke yake, hajui mkono aanzie upande gani.

"Nitaimaliza yote," alisema. "Naanza na A."

Mimi nilikuwa nimesoma shule ya wasichana mpaka darasa la sita. Kiingereza cha kusoma nilikuwa nacho, ingawa tangu niolewe sikukitumia ila kusomea makopo ya maziwa. Akaniomba nimsikilize: mimi nitaje neno, yeye aseme maana yake. Basi kila siku baada ya alasiri mimi nilikaa juu ya mbuzi nikikuna nazi, kamusi iko wazi mbele yangu juu ya kinu kilichopinduliwa, na yeye anatembea uani huku na huku, mikono nyuma, akijibu.

Hatukufika mbali. Maneno ya A yalifanana kama vifaranga. *Abhor*, yaani kuchukia sana, na *abscond*, yaani kutoroka, aliyachanganya kila siku, mpaka ikawa kila mtu anayetoroka anachukia na kila anayechukia anatoroka. Wiki ya pili akaifunga kamusi kwa hasira, akasema labda kuandika mkonge ndiyo riziki yake.

Nikamwambia, "Bwana, tuache A. Tuanze na watu."

"Watu gani?"

"Hawa hawa wa mtaani. Fundi cherehani ana koti lako tangu kabla hatujaoana. Kila ukienda anakwambia kesho. Hakuna neno la mtu wa namna hiyo?"

Tulitafuta mpaka mwadhini akaadhini magharibi, tukalipata: *procrastinate*. Bwana alilitamka taratibu, akacheka, akalitamka tena. Hakulisahau kamwe. Mama muuza vitumbua, ambaye mdomo wake haukupumzika hata akiwa anapuliza moto, tukampa *garrulous*. Beberu wa jirani, aliyekuwa akiingia uani kwetu kula maganda ya muhogo na hata ukimpiga ufagio hatoki, tukamwita *obstinate*. Mtaa mzima ukawa darasa letu. Bwana alipokuwa akirudi kazini alikuwa akitembea polepole, anawaangalia watu, kisha anaingia mlangoni na kuniambia, "Nimempata mwingine!"

Tulikuwa tukiishi na mama mkwe wangu. Alikuwa mtu wa Tongoni, akatuhamia baada ya kufiwa na mumewe. Sukari ya nyumba ile alikuwa akiishika yeye, na aliigawa kwa ncha ya kijiko. Siku moja bwana akipokea kikombe chake cha chai akaniambia kwa Kiingereza, akitabasamu, kwamba mama ni *frugal*. Mama mkwe hakujua Kiingereza, lakini neno "mama" alilisikia, na tabasamu aliliona.

Asubuhi yake nilimkuta amefunga kanga zake kwenye mtandio, amekaa juu ya furushi.

"Shikamoo, mama. Mbona hivi?"

"Marahaba. Narudi kwetu Tongoni. Huko nikisengenywa, nasengenywa kwa lugha niijuayo."

Nilipiga magoti pale pale. Nikamweleza kamusi, mtihani, fundi cherehani, beberu, yote. Nikamwambia neno lake maana yake ni mtu anayejua kutunza, asiyemwaga kitu ovyo.

"Ni sifa hiyo?"

"Ni sifa, mama."

"Basi kwa nini mwanisifu kwa kificho?" Akalifungua furushi, anatoa kanga moja moja. "Haya, nambie na la yule beberu."

Kuanzia siku ile alitaka kuambiwa kila neno na mwenyewe ni nani. Beberu akiingia, mama mkwe alisimama mlangoni akapaza sauti, "Obistineti! Toka, obistineti wee!" Watoto wa mtaa wakalidaka. Haikupita muda mwenye beberu akaja kutuuliza kwa adabu mnyama wake katukanwa tusi gani, na mama mkwe akamweleza kama mwalimu, kidole juu.

Mfungo ulipokwisha, mama mkwe akaanza kulalamika kifua. Nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke wa Kiingereza, mgeni, na Kiswahili chake kilikuwa hakijavuka "jambo" na "lete maji". Mkalimani wake siku ile alikuwa kaomba ruhusa kwenda harusini Pangani. Watu wamejaa kwenye mabenchi, daktari anaonyesha kwa mikono, nao wanamjibu kwa mikono, na hakuna aliyemwelewa mwenzake.

Zamu yetu ilipofika, mama mkwe alisema, "Mwambie moyo wanipapa. Ukija waja kwa kishindo, kisha waniacha kama haukuwako."

Nilivuta pumzi. Nikamwambia daktari kwamba moyo wa mama *palpitates intermittently*, yaani unapapa kwa vipindi. Maneno yote mawili yalikuwa ya juma lile lile, na yote mawili nilikuwa nimeyapata kwa mama huyo huyo, alipokuwa akilalamika jikoni.

Daktari aliweka kalamu chini. "Umejifunza wapi Kiingereza hiki?"

"Nyumbani," nilisema. "Uani."

"Asemani?" akauliza mama mkwe.

"Anauliza nimesoma wapi."

"Mwambie kwangu."

Nikamwambia. Daktari akacheka, akampima mama kwa makini, akaona moyo mzima. Kilichomsumbua kilikuwa kahawa: alikuwa akinywa tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Akamkataza. Hilo nililazimika kulitafsiri tena na tena, maana mama mkwe ghafla alikuwa hasikii vizuri.

Kisha daktari akaniomba nibaki mpaka watu waishe. Mama mkwe akakubali upesi kuliko mimi, akakaa pembeni kutazama.

Hapo ndipo nilipokwama. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mpagazi wa bandarini, na shida yake ilikuwa mwili kumwasha. Kuwasha! Nilijua neno la mtu mwenye maneno mengi na neno la mtu anayeahirisha mambo, lakini kuwasha kwa Kiingereza sikukujua. Mwishowe nikaanza kujikuna, mikono, shingo, mbavu, juu ya buibui, na mpagazi naye akijikuna kunisaidia. Daktari akafunika mdomo kwa karatasi.

"*Itch*," alisema alipoweza kusema.

Neno fupi kama chafya. Baada yake likaja la ganzi, likaja la kichomi, likaja la kiungulia, na kila mara nilikuwa nikiigiza kwanza ndipo napewa. Mzee mmoja mvuvi aliposema tumbo lamsokota, nikamwambia daktari kwa heshima kubwa kwamba tumbo la bwana huyu liko katika *turmoil*, yaani machafuko makuu. Akaniuliza kama ameharisha. Nilirudi nyumbani nimechoka, mbavu zinaniuma kwa kucheka, na kichwani nina maneno madogo madogo ambayo bwana wangu hakuwa nayo hata moja.

Kabla sijaondoka, daktari alikuwa amenitaka nirudi kufanya kazi. Mkalimani wake alikuwa mwanamume, na kina mama wengi walikuwa wakiona haya kusema mbele yake. Alihitaji mwanamke.

Bwana alisikiliza habari hiyo akiwa anakula bada, ugali wetu wa muhogo, kwa samaki. Akaacha kula.

"Watu watasemaje?"

"Watasema mke wa karani ajua Kiingereza," mama mkwe akamjibu. "Waongo hao?"

Bwana alijaribu kukunja uso, akashindwa. Kisha akasema lililomkaa moyoni hasa. "Na mimi atanisikiliza nani? Mtihani umekaribia."

"Mimi," alisema mama mkwe.

Tulidhani ni mzaha. Mama alijua kusoma Kurani na barua za hati ya Kiarabu, lakini herufi za Kizungu hazikumhusu. Kumbe hakuzihitaji. Bwana alipokuwa akirudi, mama alimkalisha chini na kumwuliza, "Lile la fundi cherehani ni lipi? La muuza vitumbua? La mke wa imamu anapotuona tumechelewa darsa?" Bwana akisita kidogo, mama alitikisa kichwa kwa masikitiko mpaka neno litoke. Mimi nikirudi kutoka hospitali nilikuwa nikiwakuta wamekaa hivyo, nami naongeza yangu: la kikohozi, la jipu, la mtoto mchovu.

Siku ya mtihani bwana aliwakuta Waingereza wamekaa mezani. Walimtaka azungumze juu ya mtaa anaoishi. Hilo tu! Alituhadithia baadaye kwamba alianza kwa woga, kisha akawaona watu wetu wote wanapita machoni pake, na maneno yakafuatana yenyewe. Alipofika kwa fundi cherehani na koti lake, mmoja wa wale Waingereza alipiga meza kwa kiganja. Suruali yake nayo ilikuwa kwa fundi huyo huyo.

Alifaulu. Tulimsikia akipiga kelele tangu njia panda, na mama mkwe akapiga vigelegele kabla hajaambiwa lolote. Jioni tulikula halua, na aliyeigawa safari hii, kwa mkono wa ukarimu, alikuwa bwana.

Baada ya hapo tulikuwa tukitoka nyumbani pamoja asubuhi, yeye na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, mimi na buibui langu, kila mtu na kazi yake. Mabawa hawakuzoea kuona mume na mke wanatembea sambamba wakizungumza njia nzima. Mke alikuwa akifuata nyuma. Wengine walisimama wakatutazama. Mwanzo nilikuwa nikichelewesha hatua nibaki nyuma kidogo, kwa aibu. Bwana naye alikuwa akipunguza mwendo mpaka nimfikie, kisha tunaendelea bega kwa bega hadi njia inapogawanyika, yeye akateremka kuelekea bandarini, nami nikashika ya hospitali.