Nyuma ya Nambari Kumi na Tano

Kazi ninayoifanyia timu ya taifa ya wanawake ya raga haina jina maalumu. Mimi si kocha, wala si daktari. Ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari hapa Kasese, na kila yanapokaribia mashindano makubwa huombwa niwatazame wachezaji wa upande huu wa magharibi, niandike nani anaweza kucheza wapi, na nani yuko nyuma yake iwapo ataumia. Nimekabidhiwa safu ya nyuma peke yake, wale wanaosimama mbali na msukumano, wanaokimbia na kudaka mipira mirefu, kwa kuwa nilipokuwa chuoni nilicheza winga. Ninachoandika hatimaye ni karatasi moja. Nambari tisa hadi kumi na tano hushuka upande wa kushoto, na mbele ya kila nambari pana nafasi ya majina matatu. La kwanza ndilo linaloingia uwanjani. La pili ndilo linalompa kocha usingizi. La tatu huandikwa kwa matumaini. Natumia penseli.

Nambari kumi na tano husimama peke yake. Wenzake wote wako mbele yake, na nyuma yake hakuna mtu. Mpira unapopigwa juu, yeye ndiye anayeungoja, macho yakiwa angani, huku akisikia miguu ya wanaomjia na asiweze kuitazama. Nimewaona wengi wakingoja hivyo, na karibu wote hufumba macho mpira unapofika. Nimemwona mmoja tu ambaye hakufumba. Alitoka Bwera, alikuwa na miaka kumi na tisa, na mama yake alikuwa akiuza vitenge katika soko la Mpondwe, hatua chache kutoka daraja la Kongo.

Sina budi kueleza jambo la kwetu ambalo msomaji wa mbali huenda halijui. Chini ya Rwenzori mtoto hupewa jina kwa kuhesabiwa. Binti wa kwanza wa mama yeyote ana jina lake, wa pili ana lake, wa tatu ana lake, na wavulana vivyo hivyo. Ukisikia mtu anaitwa, umekwisha kujua alizaliwa wa ngapi. Msichana huyo alikuwa binti wa tatu. Katika darasa langu la asubuhi wamo wanne wenye jina hilo hilo. Ninapoliita kutoka kwenye daftari la mahudhurio husimama wote wanne, na kila siku, kwa muda mfupi kuliko pumzi moja, mimi huhesabu watano.

Siku ya majaribio, miaka miwili iliyopita, tulianza kwa kuokota mawe. Mto unapofurika hushuka na mawe ya mviringo kutoka milimani na kuyaacha uwanjani kwetu, kwa hiyo kabla ya mchezo wowote wasichana hupanga mstari, wakainama, wakatembea polepole kutoka milingoti ya huku hadi ya kule. Mmoja wa wageni waliotoka Kampala kuja kupimana nao alichoka mapema, akasimama ameshika kiuno.

"Nyinyi wa mpakani mmezoea kubeba," alisema. "Okoteni na yetu."

"Sisi tunabeba na tunakimbia," binti wa tatu alimjibu bila kuinua kichwa. "Wewe beba tu ile tumbo yako, dada, itakutosha."

Walicheka mpaka mstari ukavunjika. Hivyo ndivyo alivyokuwa.

Katika kipindi cha kwanza mpira ulipigwa juu sana, ukaonekana kana kwamba umesimama. Aliruka akaudaka, na akiwa bado hewani mtu alimgonga kiunoni. Alishuka kwa kichwa. Baadaye, watu walipokwisha kuondoka, nilirudi mahali pale nikapiga magoti, nikapapasa nyasi kwa mikono yote miwili nikitafuta jiwe tulilolisahau. Nilitamani sana kulipata. Hapakuwa na jiwe.

Mchezaji aliyegonga kichwa huulizwa maswali kabla ya kurudi uwanjani. Huu ni uwanja gani? Tuko kipindi cha ngapi? Nani amefunga mwisho? Mchezo uliopita mlicheza na nani? Yote yanahusu leo na juzi, kwa sababu kichwa kinapotikiswa hayo ndiyo yanayodondoka kwanza. Mambo ya zamani hubaki yameshikamana. Nilifundishwa hivyo, na nimewafundisha wengine hivyo. Maswali yenyewe yameandikwa kwa Kiingereza kwenye kadi ndogo, na kadi ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilichuchumaa mbele yake. Alikuwa akifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Nilijiambia kwamba Kiingereza chake ni haba na kadi itamtisha bure. Nikaiacha mfukoni.

"Wewe ni binti wa ngapi kwa mama yenu?" nilimwuliza.

Alicheka. "Ah, Madamu! Jina yangu si inasema?"

"Na mama anauza nini?"

"Vitenge. Unataka akuwekee moja?"

Waliokuwa karibu walicheka, nami nikacheka. Nikamwashiria refa kwamba yuko sawa.

Mgeni asingeuliza swali lile. Angesoma kadi yake kwa sauti ya kuchosha, na msichana angebabaika, na mchezo wake ungeishia hapo. Ilihitajika mtu wa hapa, aliyezaliwa kwa hesabu ile ile, amwulize mtu aliyegongwa kichwa jambo ambalo ameitwa nalo tangu siku aliyozaliwa. Na mbele ya nambari kumi na tano karatasi yangu ilikuwa na jina moja tu. Nilikuwa nikitafuta la pili. Nilitaka kuona kama huyu anamaliza mchezo.

Kipindi cha pili aliangushwa kwa namna ya kawaida kabisa, mkono kiunoni na bega pajani, mwanguko ambao siku nyingine angeinuka akimtania aliyemwangusha. Safari hii alianguka kama nguo inavyoanguka kutoka kwenye kamba. Tulimpakia nyuma ya pikapu, kichwa chake mapajani mwangu, na njia nzima hadi hospitalini niliendelea kumwita kwa jina lile, nikilitaja na kulitaja, na safari hii halikunijibu kitu.

Aliishi. Nalisema hilo upesi kwa sababu watu wakinisikiliza hungoja kifo. Alifumbua macho siku ya pili, akaomba maji. Lakini mwanga wa mchana ukawa unamuumiza, akawa anakaa ndani mapazia yakiwa yamefungwa. Aliteleka sufuria akaisahau mpaka maharage yakawa makaa. Alimwuliza mama yake jambo moja mara tatu, na mara ya tatu akakasirika kwamba hajibiwi. Shule aliiacha. Katika ripoti yangu niliandika: "Aliulizwa maswali, akayajibu yote." Sentensi hiyo haina neno hata moja la uongo.

Mwaka huu mashindano yakakaribia tena, na kocha mkuu akanipigia simu.

"Madamu, winga ninao wanne. Kumi na mbili na kumi na tatu nachagua ninavyotaka. Kumi na tano ninaye mmoja, na goti lake unalijua. Yule binti yako wa Bwera, nasikia anakimbia tena?"

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Kila Jumatatu ananipigia. Nenda ukamwone. Ukisema yuko sawa, namchukua. Neno lako linanitosha."

Nilikwenda Bwera. Alikuwa akiningoja kwenye kiwanja cha shule ya msingi, amevaa jezi ya zamani iliyopigwa pasi. Uso wake ulikuwa umejaa na kung'aa, na nilipomwona akija mbio kunilaki nilipatwa na hofu ambayo mtu huipata anapomwona akitembea barabarani mtu aliyemlilia msibani. Nilipiga mipira juu mpaka mguu wangu ukauma. Hakuangusha hata mmoja. Hakufumba macho. Madereva wa boda walisimamisha pikipiki zao kando ya kiwanja, wakaanza kelele.

"Eh, huyu dada anaweza kudaka ata ndege!"

"Madamu, mupe mpira ya nguvu! Hiyo yako iko ya watoto!"

"Pigeni nyinyi basi," niliwajibu, na mmoja akashuka kweli, akapiga, akakosa mpira akaanguka chali. Wenzake wakampigia honi mpaka akapanda pikipiki yake akaondoka.

Kisha tukaketi barazani, mbele ya darasa, nikatoa kadi. Safari hii niliitafsiri neno kwa neno, upande wa nyuma wenye maswali ya mchezaji aliye nje ya mchezo. Siku? Akajibu. Tarehe? Akajibu. Kocha mkuu ni nani? Mchezo wa mwisho wa timu ya taifa ulikwishaje? Alijibu yote kwa ufasaha, na kabla ya kila jibu alikuwa akiinamisha macho kidogo, kama mtu mwenye adabu. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikwisha kushika penseli. Halafu, kwa kuwa furaha yenyewe ilinitia shaka, nikamwuliza jambo ambalo halikuwa kwenye kadi.

"Nani alianguka pale kiwanjani sasa hivi?"

Aliinamisha macho kama awali, akayainua tena.

"Alianguka mtu, na watu wakacheka sana. Ni nani?"

"Ni miye?" alisema.

Alikunjua kiganja cha kushoto, akakitazama, akakifunga. Nilikishika nikakifungua. Kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu ya bluu, mistari midogo midogo: siku, tarehe, jina la kocha, matokeo. Jasho lilikuwa limeanza kuyaunganisha maneno.

Hakuuvuta mkono wake. "Madamu," alisema kwa upole, "ile siku ulinisaidia. Unisaidie tena."

"Nilikusaidia vipi?"

"Si uliniuliza ile ya jina? Nilikuwa sijui ata tuko wapi. Nilikuwa naona mulima tu. Nikasema, Madamu ananipenda, ananiuliza ile rahisi."

Kwa miaka miwili nilikuwa nimeliita jambo lile kosa. Nililiweka hivyo katika sala zangu, na mume wangu alinifariji kwa neno hilo hilo, kwamba kila mtu hukosea. Yeye aliyegongwa kichwa, asiyejua yuko wapi, alikuwa ameona nilichokuwa nikifanya waziwazi kuliko mimi. Niliuacha mkono wake polepole. Nikamwambia nitampa jibu mwenyewe, asimpigie kocha.

Siku iliyofuata niliandika karatasi. Mbele ya kumi na tano niliacha nafasi ya pili wazi, na upande wa nyuma nikaeleza kwa nini: kamba ya kiatu, kadi iliyobaki mfukoni, swali nililolichagua na sababu iliyonifanya nilichague. Nilieleza pia kwamba mchezaji huyu asiitwe tena, hata nambari kumi na tano wote nchini wakivunjika magoti. Kocha alijibu kwa neno moja, kwamba ameipokea. Tangu hapo hajanipigia.

Nilifika Mpondwe siku ya soko. Malori yalikuwa yamepanga mstari kuelekea forodhani, na wapagazi walipita katikati yake wameinama chini ya mizigo. Mama yake aliniona kwanza. Alikuwa akimpimia mteja Mkongo kitenge, akikinyoosha kutoka kidoleni hadi begani.

"Madamu wetu! Karibu, karibu. Mutoto amefunga begi tangu juzi, anatusumbua ndani ya nyumba." Alicheka. "Nilimwambia, ngoja Madamu. Madamu akisema uko muzima, uko muzima. Ile mara ya kwanza ulisema, na Mungu akamuchunga."

Binti wa tatu alikuwa nyuma yake, amekaa juu ya robota la vitenge. Alinitazama usoni, na sikuhitaji kusema.

"Hukuniandika," alisema.

"Sikukuandika."

"Hiyo ungefanya ile siku, Madamu. Leo niko na nguvu."

"Munasema nini?" mama yake aliuliza.

"Hakuna, Mama," alijibu upesi, akageuza uso. "Madamu anatusalimia tu."

Alinifungulia mlango wa kutorokea. Ningeweza kununua kitenge, nikaulizia habari za nyumbani, nikarudi Kasese na heshima yangu katika soko lile ikiwa nzima. Mama yule angeendelea kunitaja vizuri kwa majirani zake mpaka mmoja wetu afe. Nilisimama mbele ya meza yake nikamweleza, tangu mwanzo, kwa Lukonzo, lugha yetu ya nyumbani, ili pasiwe na neno la kujificha nyuma yake. Sikulia, maana niliona kwamba kulia mbele yake kungekuwa kumwomba kitu. Mteja Mkongo alinitazama, akamtazama yeye, akaweka kitambaa chini taratibu.

Mama aliuliza swali moja tu. "Ulijua?"

"Nilijua," nilisema.

Alimtazama binti yake. Kisha akakiokota kile kitenge, akakinyoosha tena mkononi, akaanza kukipima upya, kwa kuwa alikuwa amepoteza hesabu.

"Sogea, Madamu," alisema. "Unaziba wateja."

Nikasogea.