Aliyeitikia Hodi

Mwaka 1973 nilikuwa karani wa ukumbi mmoja wa sanaa karibu na Mnazi Mmoja, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu wageni. Ilikuwa kazi nyepesi mno. Tulitundika picha, tukapanga vinyago vya Kimakonde, tukaandika nje kwa herufi kubwa INGIA BURE, na kwa wiki tatu wakaja watu kumi na mmoja, wengi wao Wazungu wa ubalozini. Meneja wetu, Ndugu Gaudens, akatuambia wazi kwamba Jumamosi ikipita bila wananchi, ukumbi utageuzwa ghala la karatasi za ofisi, na darasa la watoto la kuchora litakufa.

Aliyeumia zaidi ni Bi Hyasinta, mfagizi wetu, mama wa Kimakua kutoka Masasi. Darasa lile alilipenda kama lake. Michoro ambayo watoto waliitupa aliiokota, akaibandika chumbani kwake Ilala. Mimi, kwa kiburi cha kidato cha nne, nilishasema kwamba watu wa Kariakoo hawajui sanaa.

Alhamisi asubuhi, Bi Hyasinta akipiga deki karibu na mlango wa mbele, wakaja kina mama wawili wachuuzi wa sokoni na vikapu vyao. Mlango ulikuwa wazi. Wakasimama nje, wakapiga hodi. Niliwasikia, nikaendelea na daftari langu. Wakapiga ya pili, ya tatu, kisha wakaenda zao kwa adabu.

Bi Hyasinta akaweka tambara chini, akaniuliza kwa nini sikuitika. Nikamjibu kwamba hapa si nyumbani kwa mtu, ni mahali pa umma.

"Mtu kakupigia hodi mara tatu, mwanangu," akasema. "Unataka aingie kama mwizi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wiki tatu zote nilizisikia hodi hizo, nikidhani ni wauza karanga.

Mchana huohuo aliwafuata wale kina mama sokoni, akawaalika wao na wenzao. Kesho yake akaweka kigoda mlangoni, na kila aliyepiga hodi alimkaribisha kwa sauti ya mwenye nyumba. Watu wakavua ndara, wakaingia. Aliwatembeza kama anayewatambulisha kwa ndugu zake, akionyesha watu waliochongwa wamebebana: huyu hapa chini kambeba mama yake, yule wa juu kabebwa na mtaa mzima. Sijapata kusikia mtaalamu akieleza kinyago vizuri namna ile.

Jumamosi nilifika mia mbili nikaacha kuhesabu. Walikuja wapagazi, mafundi cherehani, wanafunzi wa kisomo cha watu wazima. Ndara zilipangana kutoka mlangoni hadi barabarani.

Ndugu Gaudens alifika saa tano. Siku zote aliingia moja kwa moja, viatu vikilia hadi ofisini kwake. Siku hiyo alisimama mbele ya zile ndara, akazitazama sana, akainama kufungua kamba za viatu vyake. Kisha, meneja mzima, akasema kwa sauti ya chini:

"Hodi."

Bi Hyasinta alikuwa akimwonyesha mtoto kinyago. Hata hakugeuka.

"Karibu, baba," akaitikia. "Pita ndani."