Amana ya Mwosha Maiti

Daktari alipomaliza kunitoa vinyama kwenye utumbo mpana aliniuliza: kwenu nani amekufa kwa maradhi ya tumbo? Nikamjibu hakuna. Mama yangu aliondoka kwa bawasiri, bibi mzaa mama kwa uzee. Ndivyo tulivyoambiwa matangani. Akasema vinyama vingi namna ile, kwa umri wangu, huenda ni vya kurithi, mzazi kwa mwana, na vikiachwa hugeuka saratani. Nirudi kwetu nikaulize vizuri, ajue kama wanangu nao wapimwe mapema.

Wa kuulizwa alikuwa mama mdogo, anayekaa Pongwe. Yeye ndiye aliyewaosha wote wawili. Na kwetu mwosha maiti hasemi aliyoyaona. Ni amana, aibu ya marehemu huzikwa naye.

Nilimkuta uani anakuna nazi. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Hakuacha kukuna.

"Siku zao zilifika, mwanangu. Usiwafukue."

Ebo! Hasira zikanipanda. "Watu husema mficha maradhi kilio humfichua. Kwetu sisi hata kilio hakifichui! Na wanangu je, nao nikuletee uwaoshe?"

Mama mdogo hajibiwi hivyo, nalijua hilo. Akaiweka nazi chini, akajifuta mikono kwa kanga, akavuta astaghfirullah ndefu. Kisha, kwa sauti ndogo, akasema mama yangu alikuwa na uvimbe tumboni, mgumu, na damu haikukoma hata walipokwisha kumwosha. Bibi naye vivyo hivyo. Nililia kwa uchungu. Miaka yote ile nikisema bawasiri.

"Haya, umesikia," akasema. "Na mimi naiona hiyo damu. Tangu kabla ya mfungo."

Nikamwambia avae baibui twende hospitali sasa hivi. Akainuka, akafika mlangoni, akageuka.

"Huyo daktari mwanamume?"

"Mwanamume."

Akarudi, akaketi tena juu ya mbuzi yake ya nazi.

"Basi, mama," nikasema, "tafuta mwingine wa kukuosha. Mimi sikuoshi."

Akasema sina adabu, na kweli siku ile sikuwa nayo. Kisha akaniambia niufunge mlango wa uani, akaingia ndani kutafuta viatu.