Waya wa Arthi Kwenye Pindo la Kanga

Shemeji yangu alisema mume wangu amenikataa, na alisema mbele za watu. Nilikuwa nimetoka eda siku hiyo hiyo. Nilipanda kwenye lori letu la chumvi, lililokaa uani Tegeta tangu msiba bila kuguswa, nikazungusha ufunguo. Likalia tak, kisha kimya. Nikajaribu tena. Tak. Wanawake waliokuja kunitoa eda walikuwa wamesimama mlangoni na sahani zao za pilau.

"Shuka tu, shemeji," alisema ndugu yake marehemu huku anatabasamu. "Gari la braza linamjua mwenyewe. Ungemkalia eda vizuri lingewaka."

Hilo neno la eda ndilo lililonichoma. Miezi minne na siku kumi sikuvuka kizingiti, halafu mtu ambaye hata kaburi hajarudi kulipalilia ananipimia majonzi yangu. Niliapa moyoni kwamba nitamlipa, na nitamlipa mbele ya watu wale wale.

Alichokuwa anakitaka ni lori. Na lori ndilo lililokuwa kazi yangu: miaka kumi na moja nilikaa kiti cha pembeni tukibeba chumvi, na marehemu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuliendesha. Bila lile lori ningerudi kwetu Lindi na begi moja. Shemeji akaitisha kikao cha familia Jumapili ili aje alichukue, eti kaka yake hataki libaki kwangu.

Siku mbili kabla ya kikao nilimleta fundi wa umeme wa magari kutoka Mwananyamala, mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Stata hata hakuitazama. Alichukua waya mnene, akashikiza ncha moja kwenye hasi ya betri na ya pili kwenye chuma cha injini, akaniambia niwashe. Likaunguruma mpaka kuku wakakimbia.

"Gari zima hili, mama," alisema. "Limekosa arthi tu."

Akanionyesha chini waya bapa wa shaba uliosukwa, unaounganisha injini na chasisi ili umeme wa betri upate njia ya kurudi. Chumvi ilikuwa imeula. Umekuwa wa kijani, unakatika kwa kidole. Ule wa betri nao vilevile. Wakati mie nimejifungia ndani namlilia mtu, chumvi ilikuwa nje inakula waya.

Akakwangua kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akafunga nyaya mpya zote mbili, akapaka grisi. Nikamwomba anifundishe kuufunga na kuufungua ule wa injini. Aliniuliza wa nini, nikamjibu nataka kulijua gari langu.

Ningeweza kumwita shemeji siku ile ile nikaliwasha mbele yake, yakaisha. Sikutaka yaishe. Jumapili asubuhi, kabla hawajafika, niliingia chini ya lori na spana, nikaufungua ule waya, nikauficha kwenye pindo la kanga.

Walikuja wote. Shemeji kavaa kanzu iliyopigwa pasi. Akapanda, akasema bismillahi kwa sauti ya kutaka asikike, akazungusha ufunguo. Tak. Raha niliyoisikia ilinishuka mpaka magotini. Akazungusha tena na tena, jasho linamtoka, kanzu inamganda mgongoni. Mama mkwe akasema, "Shuka, baba. Hata wewe hakutaki."

"Nipeni nafasi niongee na marehemu," nikasema.

Wakaondoka wote kwenda barazani upande wa mbele wa nyumba, wengine wameacha viatu. Wangebisha vipi? Maneno ya gari kuwa na mwenyewe walikuwa wameyaamini wao. Nikatandika mkeka, nikaingia chini, nikaurudisha waya, nikakaza nati mbili. Kisha nikapanda nikaliwasha, wakarudi mbio, nikamkazia macho shemeji mpaka akainamisha kichwa. Hadi leo akipita hapa haangalii uani. Sijuti, na sitajuta.

Ila mama mkwe sikumfikiria. Siku ile aliangua kilio, akalikumbatia lile lori kwenye madigadi. Tangu hapo huja kila Ijumaa, huweka kiganja kwenye boneti na kumpa mwanawe habari za nyumbani. Ijumaa moja akanishika mkono.

"Muulize mwenzio kama kanisamehe. Hospitali nilichelewa, mwanangu. Nilimkuta kishafunikwa."

Ningemwambia nini? Habari za nati na msasa? Nikamwambia kama amesamehe, litawaka. Nikapanda, nikazungusha ufunguo. Likawaka.

Siku hizi ananiuliza hivyo kila Ijumaa. Kwa hiyo kila Alhamisi alasiri naingia chini na spana, nafuta chumvi, napaka grisi, nakaza zile nati mbili.