Usinikatae kwa Mdomo wa Nyota

Ile Jumapili mchungaji aliporuka majina yetu naikumbuka hadi leo, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yenyewe. Nilikuwa nimekaa na kwaya, mbele kabisa, kitambaa kipya cha kichwa kinanibana masikio. Kanisani kwetu wachumba hutangazwa Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye neno aliseme kabla ya pete. Sisi tulikuwa tumeshatangazwa Jumapili moja: Ndunge, binti wa mchongaji vinyago wa Kaloleni, na Mulongo, fundi seremala wa soko la Gikomba. Jumapili ya pili mchungaji akasoma wachumba wa kwanza, akasoma wa pili, kisha akakunja karatasi yake. Shangazi yangu, aliyetoka Machakos kwa ajili hiyo tu, akageuza shingo kunitazama. Pambio lililofuata niliimba nikiwa siyaoni maneno.

Uzee una faida yake, unaweza kusimulia aibu ya ujana huku unacheka. Siku ile sikucheka hata kidogo. Akufukuzaye hakwambii toka, nikajiambia, na mimi nimefukuzwa mbele ya kanisa zima.

Jioni hiyo alikuja Mukhwana, pacha wake Mulongo, kumweleza baba. Kwao Magharibi mapacha hupewa majina hayo, Mukhwana anayetangulia na Mulongo anayefuata. Akasema kwamba kando ya kibanda cha nduguye pale Gikomba kulikuwa na bwana mmoja mwenye meza na picha za nyota kumi na mbili. Bwana huyo alimwuliza Mulongo jina lake na la mama yake, kisha langu na la mama yangu, akapiga hesabu zake, akatangaza kwamba Mulongo ana nyota ya maji na mimi nina nyota ya moto. Tukioana, mmoja atamzima mwenzake, na atakayezimwa ni mimi. Basi Mulongo akaenda kwa mchungaji akaomba tangazo lisimame.

Nataka umwelewe kijana yule. Hakuwa na mwanamke mwingine. Alinipenda, akaona heri anikose nikiwa hai. Mapenzi mengine hayana akili, lakini ni mapenzi. Baba hakuelewa hayo. Alimwambia Mukhwana kwamba mbuzi wa ntheo, wale ambao kwetu Ukambani hufanya uchumba ujulikane, wameshaliwa, na mbuzi aliyeliwa hatoki tumboni kwa sababu ya nyota. Kisha akarudi kwenye kinyago chake, akakipiga tezo kwa hasira hata kikapoteza sikio.

Na mimi? Mimi nilijifanya mcha Mungu. Kila aliyekuja kunipa pole nilimjibu, "Namwachia Mungu. Kama amepanga, atarudi." Maneno hayo yalikuwa matamu mdomoni, na watu walisema amina. Usiku nililia, asubuhi nikayarudia.

Siku moja mchana akaja mama yao wale mapacha. Alikuwa mama wa maungo makubwa na sauti ndogo, na kwao mama wa mapacha husikilizwa. Nilimkaribisha, nikampa chai. Akanywa mpaka chini, maana hakuwa mtu wa kuanza maneno kikombe kikiwa kimejaa. Halafu akaniambia kwamba Mukhwana na Mulongo aliwazaa jogoo mmoja akiwika, anga moja, nyota zile zile. Mmoja anaimba, mwingine hata haleluya inamshinda. Wakiwa vijana, Mukhwana aliingia kwenye pombe akazama, Mulongo hakuionja. Na asubuhi moja Mukhwana akaamua kuacha, akaacha.

"Nyota hazikuhama asubuhi hiyo," akasema. "Aliyehama ni mwanangu. Kama ni nyota zilizomtoa, basi nisimpongeze, na kama ndizo zilizomwingiza, nisingemgombeza. Mimi nimemgombeza na nimempongeza."

Nikaona amesema kweli. Nikamjibu kwa ule wimbo wangu, kwamba namwachia Mungu, kama amepanga Mulongo atarudi. Nilingoja amina. Akaweka kikombe chini akanitazama mpaka nikainamisha macho.

"Ndunge, mama, usimfanye Mungu nyota kubwa," akasema. "Mwanangu anaogopa anga, na wewe umeketi unaliita jina la Mungu ili usiondoke kwenye kiti. Nyinyi wawili mna ugonjwa mmoja."

Niliumia, mwanangu. Sikutegemea kukemewa, nami ndiye niliyeachwa! Lakini aliendelea, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba katika Maandiko majani yalitangulia kuota, nyota zikaja siku iliyofuata. Kama sukuma wiki haikungoja nyota ndipo imee, mimi nangoja nini? Mungu aliziweka zile taa angani zitupe majira na nuru, hakuzipa fimbo ya kutuchunga. Angetaka watu wanaosukumwa angetosheka na mikokoteni. Alitaka watoto wa kumpenda, na mtoto hapendi kwa kulazimishwa, ndiyo maana akatuachia mlango wazi, hata wa kumkataa yeye. Akaaga, akaenda zake.

Wahenga walisema jitihada haiondoi kudura, nami siwabishii. Lakini ni hao hao waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kesho yake nikafunga leso, nikashuka Gikomba kwa miguu. Njiani nilighairi mara kadhaa, nikiwaza nitachekwa, binti wa watu kumfuata mwanamume kazini kwake. Nikaendelea kutembea.

Nilimkuta anapiga randa ubao, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Wenzake wakatuachia kibanda wakijidai wanakwenda kutafuta misumari. Akaniambia kwamba hawezi kunioa akijua atanizika. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu, ikanitoka yote kichwani. Yaliyobaki ndiyo haya.

"Kufa nitakufa, Mulongo, hilo halihitaji mnajimu. Ukinikataa, nikatae wewe. Usinikatae kwa mdomo wa nyota. Na ukinioa, nataka niolewe na wewe, kwa kupenda kwako, si kwa sababu anga limekuruhusu."

Akaendelea kupiga randa, nami nikarudi nyumbani nimechoka, lakini moyo umetulia, maana yangu nilikuwa nimeyasema. Yaliyobaki yalikuwa yake, na hakuna mtu wala nyota wa kumwamulia.

Jumapili ikafika. Mchungaji akafungua karatasi, akasoma wa kwanza, akasoma wa pili, akageuza karatasi, akatusoma sisi. Mulongo akasimama kwenye benchi la wanaume, ingawa hakuna desturi ya kusimama. Mchungaji akamwambia, "Keti, kijana, harusi bado." Kanisa likacheka, na mimi nikacheka nikilia.

Siku hizi nyota zimehamia kwenye simu. Juzi mjukuu wangu alinijia, "Shosho, huyo msee ni Scorpio, hatuwezani." Nikamwuliza kama huyo kijana hutimiza ahadi, na huongeaje na mama yake. Hakujua. Mwezi aliozaliwa ndio aliokuwa ameushika! Na wako wanaowatusi wenzao kisha wanasema ndivyo nyota yao ilivyo, wasilaumiwe.

Sikudanganyi kwamba ndoa yetu ilikuwa asali tupu. Mwaka mmoja tuligombana vibaya, nikarudi kwa baba na sanduku langu. Wifi mmoja akanong'ona kwamba moto na maji vimeonana. Mulongo angeweza kuushika mnong'ono huo akajiponya nao, ajiambie iliandikwa. Alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Nimekosa mimi, Ndunge." Nami nilikuwa nimekosa, nikamwambia hivyo, tukarudi pamoja. Nimemzalia watano, na sasa hivi anakoroma chumba cha pili.

Shika hilo neno lake, mwanangu. Nyota haiwezi kusema nimekosa. Ukiipa maisha yako iyaendeshe, utakuwa umejivua lawama, ndiyo, lakini utakuwa umejivua na toba, na msamaha, na asante, na mapenzi yenyewe. Usiulize anga utaoa nani au utakuwa nani. Omba Mungu, uliza wazazi, chunguza mtu kwa matendo yake, halafu uchague na usimame na ulichochagua. Ukikosea, rudi.

Mungu aliyekuumba huru akulinde katika uhuru huo. Akupe akili ya kuchagua, na mtu wa kukuchagua. Na siku atakapokuuliza nani aliyeishi maisha haya, uweze kujibu bila kuficha uso, "Ni mimi, Baba."